Wakutubi wapya Lamu wanasukumwa kwenye utafiti bila mtu wa kuwaongoza, mpaka lini??

Jamani mnisome mpaka mwisho maana nina hasira.

Hawa vijana wakiajiriwa tu wanaambiwa fanya utafiti la sivyo cheo hupandi, wanapewa supavaiza ambae hata simu hapokei, kazi yake kutia sahihi kwenye fomu basi. Kuna binti hapa Lamu, simtaji wala ofisi yake siitaji, alikuja na swali zuri mno. Yale maandiko ya kale ya Msikiti wa Riyadha wa hapa Lamu si yalipigwa picha kwa mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, na yako kwenye intaneti bure? Yeye akauliza, watu wa mitaa yetu ya Langoni na Mkomani wanazifungua hizo picha, na kama hawafungui kinawazuia nini?

Wallahi hilo ndo swali! Supavaiza akamwambia hilo gumu, andika athari za teknolojia kwa huduma za maktaba, akampa hojaji ya mtu mwingine, ya Kiingereza, ndiyo na hapana tupu, akawagawie wazee. Mzee wa watu anasoma hati za Kiarabu kutushinda sote unampa karatasi atie tiki?? Huyo unakaa nae barazani unamsikiliza, unarekodi akikuruhusu, unarudi tena. Lakini nani kamfundisha binti kuhoji mtu? Swali kwanza, halafu ndo ujue unahoji au unagawa hojaji, na hilo hakuambiwa na yeyote.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, nacho, sheria iko tangu 2013, alikuja kukisikia data ashakusanya nusu.

Na lililoniuma zaidi, ripoti imetoka, jina lililotangulia ni la supavaiza, binti kawekwa kwenye shukrani. Huo ni wizi, hauna jina lingine.

Marekani pale Loyola Marymount University kuanzia 2014 walifundisha wakutubi walio kazini namna ya kupanga utafiti, na waliporudi makwao hawakuachwa peke yao. Sisi hata saa mbili kwa wiki za kukaa na kijana kulisafisha swali lake zinatushinda? Kama supavaiza hajawahi kufanya utafiti wake mwenyewe asipewe mtu, na jina la aliyefanya kazi likae mbele.

Wakutubi wa Malindi na Mombasa mliofanyiwa haya semeni hapa, nataka tuandike barua moja tuipeleke kaunti.