Bendi ya rock, kampuni ya gemu na taasisi ya watoto: fedha ashike nani?

Mpiga_Besi
Wadau, kuna jambo linaninyima usingizi. Bendi yetu ni ya watu wanne, rock ya kelele tu. Mimi napiga besi, na kwa bahati mbaya ndiye pekee ninayesoma mikataba. Kampuni ya gemu imetufuata: tupige shoo moja, wao wairushe mubashara na walete yale magitaa ya plastiki yenye vitufe vitano vya rangi ili watu wacheze nyimbo zetu, halafu "sehemu ya faida" iende kwa taasisi inayohudumia watoto wenye ulemavu. Wenzangu wameshaanza kubishana kuhusu nguo. Mimi neno "faida" limenikaa kooni.

Tulishapiga shoo ya hisani kwa mpango kama huu. Ukumbi ulifurika, watu wakakaa hadi kwenye ngazi. Baadaye nikaletewa karatasi ya hesabu: taa, ulinzi, matangazo, mpaka mashine ya moshi iliyozimika kabla ya wimbo wa pili. Mstari wa chini kabisa, faida: sifuri. Watoto waliambulia kofia, tena zenye nembo ya mdhamini.

Safari hii niandike nini?

Karani_wa_Hesabu
Futa "faida", andika "mapato". Ukiweza, taja kiasi kwa kila tiketi. Faida ni kinachobaki wote wakishachota.

La pili, taasisi yenyewe itie saini tangu mwanzo na fedha ziende kwake moja kwa moja. George Harrison wa Beatles na Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, walifanya maonyesho mawili siku moja, tarehe 1 Agosti 1971, Madison Square Garden, New York, kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Kiingilio, kama dola 243,000, kilifika UNICEF. Fedha za albamu na filamu ndizo zilizonasa kwenye mambo ya kodi Marekani kwa miaka mingi, kwa kuwa msamaha wa kodi haukuombwa mapema. Hakuna aliyeiba senti. Makaratasi tu.

Mpiga_Besi
Duh. Na hili la kuuza wimbo ndani ya gemu?

Kitufe_Chekundu
Hilo lilishafanyika. The Beatles: Rock Band, gemu ya kupiga nyimbo za Beatles kwa magitaa kama hayo, ilipotoka Septemba 2009, wimbo mmoja uliuzwa kwa kupakuliwa kwenye mashine ya gemu ya Xbox 360, mapato yakaenda Médecins Sans Frontières, wale Madaktari Wasio na Mipaka. Si taasisi ya watoto, najua, ila uzuri wake ni kwamba wimbo ni mmoja na mpokeaji ni mmoja, hata mtoto wa shule anaweza kukagua hesabu.

Ila mkuu, watoto wenye ulemavu halafu magitaa ya plastiki? Lile gitaa linataka vidole vyepesi mkono mmoja na mkono wa pili uchape kwa mapigo. Mtoto ambaye misuli imemkaza atabaki kutazama wenzake. Waambie walete Xbox Adaptive Controller, kidhibiti cha gemu kwa wenye ulemavu, ile ya 2018: juu ina vitufe viwili vikubwa kama visahani, nyuma matundu 19 ya kuchomeka swichi za nje. Mpwa wangu tulimfungia swichi moja kando ya kichwa, kwenye kiti chake cha magurudumu. Akiegemea kushoto, ngoma inalia. Siku ya kwanza alikosa karibu mapigo yote, akacheka mpaka akapaliwa.

Santuri_Kuukuu
Mimi nauliza: siku ya shoo watoto watakuwa wapi? Maana mara nyingi wanakuwa kwenye bango tu. Mwanamuziki wa rock Neil Young na Pegi Young, aliyekuwa mkewe, walikuwa na matamasha yao California, kuanzia 1986 hadi 2016, kuichangia Bridge School, shule ya watoto wenye ulemavu mkubwa wa viungo na wa kusema, wanaojifunza kuwasiliana kwa kutumia vifaa. Wanafunzi walikaa jukwaani, nyuma ya wanamuziki, na vyombo vilipigwa bila makelele ya umeme. Mwimbaji akigeuka nyuma, anatazamana nao.

Mpiga_Besi
Bila umeme? Mpiga solo wetu atalia. Lakini nimeshampigia.

Rasimu nimeituma jana: mapato, kiasi kwa kila tiketi, saini ya taasisi, swichi, na watoto jukwaani. Kampuni imejibu leo asubuhi, inaomba "ufafanuzi wa neno mapato". Nasubiri. Mashine ya moshi nimeikataa kwa maandishi.