Mrejesho: raba za soli nene na maumivu ya ugoko

Wakuu, habari za siku. Miezi mitatu iliyopita niliuliza kwa nini ugoko unaniuma tangu ninunue raba zenye soli nene kama godoro, ilhali nilidhani ulaini ungepunguza kishindo. Mmoja wenu akasema nizitupe, nikimbie peku kama vijana wakimbiaji wa Bonde la Ufa, Kenya.

Peku nilijaribu. Siku ya tatu vigimbi vilikaza hadi ngazi nikawa nazishuka kinyumenyume. Ni kweli, utafiti wa 2010 wa Daniel Lieberman, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulionyesha kuwa Wakenya waliozoea kukimbia peku hutanguliza sehemu ya mbele ya wayo, na kile kishindo cha ghafla cha kisigino hakiwapati. Ila mzigo hauyeyuki, unahamia kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Wao wamezoea tangu utotoni. Mimi nimezoea daladala.

Kuhusu soli nene, watafiti wa Finland walipima mwaka 2018 wakakuta kwamba kwenye kasi ya kilomita 14.5 kwa saa, viatu vinene viliongeza kishindo kuliko vya kawaida, kwa sababu mguu hukakamaa zaidi unapotua. Mimi kasi hiyo siifikii hata nikifukuzwa na mbwa, lakini nimeelewa.

Kilichonisaidia ni raba za mtumba za soko la Karume, Dar, zenye soli ya wastani, hatua fupifupi, na kupunguza umbali kwa wiki tatu. Jana nimemaliza kilomita 8, ugoko kimya. Zile nene kachukua shemeji, anaendea sokoni.