Tela la boksi la kubebea Subaru, futi 16 au 20?

Mtoto wa Tabata: Wakuu heshima kwenu. Nina Impreza STI nimeishusha chini, nimechoka kuiendesha yenyewe Dar mpaka Moro kwenye mashindano, nikifika tairi laini zishaliwa na lami na ikinivunjikia huko sina cha kurudia. Nataka tela la kufunikwa, navutia Land Cruiser 79.

Babu Gia: 16 usiguse mkuu. Gari ina karibu mita 4.5, futi 16 ni mita 4.9, sasa tairi za akiba na jeki utabeba kichwani? Chukua 20, ila la chuma likiwa tupu linaweza kugonga tani moja na nusu, gari nalo hivyo hivyo, hapo tani 3 hujaweka hata dumu la mafuta na 79 mwisho wake kuvuta ni tani 3.5. Breki ekseli zote mbili, hilo halina mjadala.

Dada Turbo: Na tela liwe na mlango wa ubavuni!! Mimi niliingiza gari vizuri kabisa, kufungua mlango wa gari unagonga maboksi ya matairi ya tela kwa ndani, upenyo kiganja tu, nikatokea dirishani saa saba mchana pale Kibaha bodaboda wote wanaangalia 😭

Babu Gia: 😂😂 Na winchi ya kuvutia gari ndani basi, usukani uache. Halafu sogeza gari mbele kidogo, asilimia 10 mpaka 15 ya uzito ikae kwenye ndoano ya kuvutia tela, ukilemea nyuma tela linacheza.

Mtoto wa Tabata: Sawa, 20. Ngazi ya kupandishia gari nayo nairefusha, bampa la mbele liko vidole vinne tu toka chini.