Re: Kununua nyumba katikati ya Christchurch

Ndugu zangu, hamjambo. Mume wangu amepata kazi Christchurch, New Zealand, tunahama mwezi ujao. Tumeona picha za katikati ya mji, majengo mapya tu, tukasema tununue huko huko. Mlioko huko, tushaurini kabla hatujasaini kitu.

---

Dada, karibuni sana. Nitakujibu kwa urefu maana haya yamenikuta.

Picha ni za kweli, ila hazionyeshi mji ulikopitia. Tetemeko la tarehe 22 Februari 2011 liliua watu 185. Kati yao 115 walikuwa kwenye jengo moja, la kituo cha televisheni cha CTV. Katikati ya mji pakazungushiwa uzio, wanajeshi wakalinda, na uzio wa mwisho haukuondolewa mpaka Juni 2013. Mwenye ofisi hawezi kukaa miaka miwili akisubiri. Wengi walihamia vitongoji vya Addington na Riccarton, wakafunga mikataba ya pango ya muda mrefu, na wateja wakazoea kuwafuata huko. Majengo zaidi ya 1,000 yalibomolewa mjini, ndiyo maana hata sasa utakuta jengo la vioo limepakana na kiwanja cha kokoto watu wanapoegesha magari.

Biashara ilijikongoja mapema. Oktoba 2011 mtaa wa Cashel ulifunguliwa na maduka ndani ya makontena ya meli, wakapaita Re:START, na duka kubwa la Ballantynes likafungua siku hizo hizo. Makazi ndiyo yaliyochelewa. Upande wa mashariki, East Frame, serikali ilinunua ardhi ili zijengwe mamia ya nyumba, na ujenzi ukaenda polepole mno. Kwangu mimi hapo ndipo palipokosewa: duka halishibi kwa wafanyakazi wa ofisini wanaoondoka saa kumi na moja jioni. Halmashauri imejiwekea lengo la wakazi 20,000 ndani ya zile barabara nne zinazouzunguka mji ifikapo 2028, na mimi naliombea lifanikiwe.

Sasa nyumba yenyewe. Mimi nilinunua nje ya katikati, nyumba iliyopakwa rangi vizuri. Wiki ya kwanza nikamwaga ndoo jikoni, maji yote yakakimbilia ukuta mmoja. Msingi ulikuwa umezama, na matengenezo ya baada ya tetemeko yaligusa kuta tu. Wakati ule mfuko wa serikali wa bima ya matetemeko, EQC, ulilipa hadi dola 100,000 pamoja na kodi yake kwa jengo. Gharama ikizidi hapo, iliyobaki ilikuwa ya kampuni ya bima. Kwa hiyo ulizeni: madai yalilipwa kiasi gani, orodha ya kazi iliyofanywa iko wapi, na kama kuna madai yaliyobaki, je, mwenye nyumba atawahamishia kwa maandishi? Chukueni ripoti ya LIM kutoka halmashauri, yaani kumbukumbu ilizonazo kuhusu nyumba na ardhi yake. Ardhi ikiandikwa TC3, udongo wake uko kwenye hatari kubwa ya kugeuka tope mtetemeko ukija, na msingi wake unataka mhandisi. Bima ithibitishwe kabla ya kujifunga, kwa kuwa benki haikopeshi nyumba isiyo na bima. Mkitaka fleti, ombeni pia kumbukumbu za vikao vya wamiliki na mchango wao wa bima kwa mwaka. Huo unaweza kuwatoa jasho.

Kando ya mto Avon mtaona nyasi tupu maili na maili. Huko na kwingineko nyumba kama 8,000 ziliondolewa kwa kuwa tetemeko liliharibu ardhi yake. Nikipita na watoto tunakuta miti ya matunda imesimama ilipokuwa nyua za watu, na moyo unaniuma kila mara.

---

Kaka, asante mno. Tumemuuliza wakala, anasema karatasi za matengenezo zilipotea, ila nyumba iko imara, na kuna mnunuzi mwingine anaitaka.

---

Basi msisaini, hata akiwapigia simu usiku. Pangeni kwanza miezi sita. Nitumie anwani faraghani. Jumamosi nitakwenda kuichungulia na fundi aliyenitengenezea msingi wangu.