Bosi anataka kuona lokesheni yangu saa 24, naombeni ushauri

Kijana wa Mizigo:
Habarini wakuu. Napeleka mizigo kwa bodaboda, duka la nguo Kariakoo. Mwezi uliopita bosi kaniwekea programu kwenye simu, anaona nilipo muda wote. Mwanzo sikuona tabu. Hata wateja wa Goba waliokuwa wananielekeza "ukifika kwenye mwembe piga simu", siku hizi wananitumia pini, naibukia getini.

Sasa Jumamosi niko msibani Gongo la Mboto, saa tatu usiku, simu inaita: "Huko unafanya nini?" Juzi tena, nashusha mzigo Mtaa wa Aggrey, kwake kidoti kinaonyesha mtaa wa pili. Kanikata elfu kumi, eti nazurura. Nikizima naonekana mwizi. Nifanyeje? Nawasilisha.

Mbezi Kwetu:
Acha kazi mkuu. Kesho utuletee uzi wa njaa 😂

Fundi Antena:
Hiyo elfu kumi kaidai. Simu inajipima kwa muda ambao ishara za setilaiti, angalau nne, zinatumia kuifikia kutoka kilomita 20,200 juu. Uwanja ukiwa wazi inakosea kama mita 5. Kariakoo ishara inagonga ghorofa kwanza ndipo ikufikie, kwa hiyo inachelewa. Ikichelewa sehemu moja ya milioni ya sekunde, yaani sekunde moja igawe mara milioni, hiyo ni mita 300. Msimamishe bosi dukani kwake na simu yake, akitazame kidoti kinavyorukaruka.

Halafu GPS yenyewe, yaani huko kujipima kwa setilaiti, inapokea tu. Anayekuchoma ni hiyo programu, na bando unanunua wewe.

Mama Pacha:
Na sisi wenye vyombo mtusikilize. Bodaboda yangu iliibwa Mbagala, kifaa kikaionyesha iko Kongowe, tukaingia na polisi tukaikuta imeshafunguliwa taa. Bila hicho kifaa ningelia. Ila mwambie afunge kifaa kwenye pikipiki. Mtu mwache akazike.

Wakili wa Kijiweni:
Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Taarifa ikichukuliwa kwa kazi fulani itumike kwa kazi hiyo. Msiba siyo kazi yake. Usianze kumtishia lakini, utakula wapi?

Binti Temeke:
Mpe lokesheni ya WhatsApp, kaka. Inakupa dakika 15, saa moja au saa nane. Washa saa mbili asubuhi, saa kumi jioni inajizima yenyewe.

Kijana wa Mizigo:
Mrejesho: nimemsimamisha mlangoni kwa duka. Kidoti kikampeleka juu ya paa la jirani. Kacheka, elfu kumi karudisha. WhatsApp kakubali, ila mpaka saa kumi na mbili, kwa hiyo jioni nawasha tena. La bando kasema tutaongea mwisho wa mwezi.

Mbezi Kwetu:
Bando hulipati hilo.