Yule muuza pevingi mnayemjua wote, leo kanidhalilisha mbele ya shemeji

NgoshaWaBuswelu (mleta uzi)
Wakuu, mwadila. Naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukaruka msinisahihishe.

Kuna mtu mji huu anauza pevingi, vile vitofali vya kutandika uwanjani, na mawe ya kupamba. Simtaji. Mnamjua. Yule wa njiti mdomoni, ambaye akikuona unashuka kwenye bajaji anaanza kupanga mawe yake upya ili asikusalimie. Huyo huyo.

Nina uwanja nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 6. Nataka pawe pa heshima: jiko la nyama choma, viti, taa mbili tatu, maana binti ana kipaimara. Nikaenda na shemeji, kaka wa mke wangu, mtu ambaye tangu nioe anatafuta sababu. Nikauliza kistaarabu, mawe ya Tanga mita ya mraba shilingi ngapi? Akataja. Nikamtajia bajeti yangu. Akatoa njiti mdomoni. Akaitazama njiti. Akanitazama mimi. Akasema, "Mzee, kwa hela hiyo si uokote tu mlimani? Mwanza mawe bure."

SI UOKOTE TU MLIMANI.

Dogo wa toroli aliachia toroli. Mama wa uji ng'ambo ya barabara alicheka mpaka akakalia ndoo. Nadhani hata jiwe la Bismarck kule ziwani liligeuka kuangalia ni nani anayesemwa. Shemeji hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Alikohoa.

Nikajikaza, nikauliza pevingi za zege za sentimita 6 na za 8 zinatofautianaje. Swali la mtu mwenye akili zake! Ananijibu za 8 ni za kupitisha magari, "wewe unapitisha nini?", huku anaiangalia bajaji iliyonileta. Lakini hilo nimemeza. Ile njiti ndiyo imekwama. Alivyoitoa polepole, kama daktari anayevua miwani kabla ya kukupa majibu.

MkwaruzoWaIgoma
Taja bajeti, tuanzie hapo.

SatoMkavu
Mkuu, umezaliwa jiji la miamba. Nyumba yako imekalia jiwe, shimo la choo lilichimbwa wiki tatu kwa sababu ya jiwe, halafu unatoka kwenda kununua jiwe lililopanda lori kutoka Tanga. Mwenye njiti alikuwa anakuonea huruma.

BintiKokoto
Bure? Mama yangu katusomesha kwa kugonga kokoto kwa nyundo ya mkono. Hayo mawe yenu ya bure njooni mgonge ndoo moja tu, kisha mtuambie mgongo unasemaje.

NgoshaWaBuswelu
Asante dada! Halafu hakusema "uokote". Alisema "uokote TU". Hiyo "tu" nitaenda nayo kaburini.

MkwaruzoWaIgoma
Bajeti.

FundiAsiyeiba
Achana na njiti. Mita 24 za mraba, pevingi za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 kila mita, vipande 1,200, ongeza kidogo za kuvunjika. Za 6 zinakutosha, hapo watapita watu na mbuzi. Kabla hujalipa gonganisha mbili: zikilia kama kengele chukua, zikilia pu kama muhogo, ondoka. Marumaru ya kung'aa usiweke nje, mvua ikinyesha wageni watateleza na sahani zao. Shindilia chini kabla ya kumwaga mchanga, jenga ukingo pembeni zisitawanyike, na maji yaelekee mbali na ukuta: kwenye hizo mita 4 upande wa nje ushuke sentimita 8.

MpangajiMstaafu
Fundi asiyeiba ndiye yupi? Wangu hakushindilia. Alirukaruka juu na gambuti, akasema imeshika. Masika ya kwanza tu uwanja ukaota mabonde. Ukiweka soda mezani inatembea yenyewe kwenda kwa jirani.

FundiAsiyeiba
Kama ni wewe wa Nyegezi, mchanga ulisema unaleta mwenyewe. Naungoja mpaka leo.

MpangajiMstaafu
Kumbe uko hewani! Simu hupokei!

MamaMbili
Afadhali nyie. Mimi pevingi zangu zimepangwa vizuri, zinapata jua, basi jirani kaziona. Aliomba aanike dagaa siku moja. Huu ni mwezi wa nne. Wageni wangu wanakalia stuli jikoni, dagaa ndio wanakaa uwanjani.

NgoshaWaBuswelu
Wakuu, njiti.

SatoMkavu
Ila dagaa wa juu ya pevingi hawana mchanga. Wale wa kuanikwa chini ukitafuna meno yanalia krrr.

MamaMbili
Ndiyo maana nimenyamaza. Ananipa kisado kila wiki.

MkwaruzoWaIgoma
Kisado! Wangu ananipa harufu tu.

BintiKokoto
MamaMbili, huyo jirani anauza? Niko Kirumba hapa.

MamaMbili
Njoo Jumamosi asubuhi kabla hajawageuza. Viatu unavua getini, wamejaa mpaka mlangoni.