Picha za uchumba zenye mguso wa sanaa: Tingatinga, Mji Mkongwe au pazia la studio?

Bi_Mtarajiwa
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, mpiga picha anataka jibu na advansi kabla ya Jumapili.

Mimi na mwenzangu hatutaki zile picha za kukimbizana ufukweni na kubebana mgongoni. Yeye ni mtu wa uchoraji, mimi ni mtu wa nguo, tukaona picha zetu za uchumba ziwe na sanaa ndani yake. Tumebaki na haya:

1. Tingatinga, kile kituo cha wachoraji wa mtindo huo, pale Morogoro Stores, Oysterbay. Tupigwe katikati ya michoro, wachoraji wakiendelea na kazi zao.
2. Mji Mkongwe, Zanzibar. Milango ya nakshi, vichochoro, yeye kanzu na kofia, mimi hariri.
3. Studio yenye pazia la kuchorwa, kama picha za babu na bibi. Kiti, zulia, maua ya plastiki, mume kasimama mkono begani.

Ipi itakaa vizuri? Moyo wangu uko namba 2.

Kigogo_wa_Tandika
Bajeti? Mpo mkoa gani? Mnapiga lini? Umeuliza njia hujasema unatokea wapi.

FundiLenzi
Ongeza na hili: picha ni za kazi gani? Kadi ya mchango ya WhatsApp, bango la ukumbini, au za kutundika sebuleni? Mchoro uliojaa twiga na ndege ukutani unapendeza, ila ukishaubandikia majina, tarehe na namba za kutumia pesa, kadi haisomeki.

Wakati tunasubiri majibu, niseme ya ufundi. Rangi za Tingatinga ni kali na zinarudisha mwanga. Ukimsogeza bibi harusi karibu na ubao mwekundu, shavu linakuwa jekundu, na kuliediti baadaye ni kazi ya usiku kucha. Simameni hatua mbili tatu mbele ya michoro, nguo ziwe za rangi moja. Nimeona watu wamevaa kitenge cha maua mbele ya tausi wa rangi zote, unatafuta nani anaoa humwoni.

Mji Mkongwe una faida moja ambayo wengi hawaijui. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni ndefu, kwa hiyo asubuhi na alasiri jua halifiki chini na unapata mwanga laini. Ukitoka hapo kwenda Forodhani, ile bustani ya kando ya bahari, ndiyo lazima usubiri saa 11 jioni. Na jua la huku kwetu halibembelezi, likishagusa maji una dakika chache tu, kiza kimeingia.

Mpwani_wa_Likoni
Namba 3, bila hata kufikiri. Nyinyi hamkuziona zile studio za feri ya Likoni, Mombasa, miaka ya tisini. Vibanda vidogo, ndani umechorewa meli, ndege, majumba. Mtu katoka bara kuja kutafuta kazi, anapigwa picha amesimama mbele ya meli, anaipeleka kwao. Ile ilikuwa sanaa, na mchoraji alikuwa jirani yako. Siku hizi kila mtu ana mlango wa Zanzibar nyuma yake.

Bi_Mtarajiwa
Asanteni. Tupo Dar. Bajeti laki saba, kila kitu ndani. Picha tunapiga mwezi wa nne katikati.

Kigogo_wa_Tandika
Mwezi wa NNE? Dada, hiyo ni masika. Hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza kabisa.

FundiLenzi
Haya sasa. Masika yanaanza mwezi wa tatu yanakwenda mpaka wa tano, na wa nne ndio wenyewe. Unguja hali ni hiyo hiyo. Hariri yako utaitoa kwenye boti imelowa. Piga na hesabu: nauli ya boti kwenda na kurudi ni ya watu watatu, maana mpiga picha naye haendi kwa miguu, na akiwa na msaidizi wa kushika taa mnakuwa wanne. Bado chakula, bado pa kulala mvua ikiwakwamisha. Kwenye laki saba, picha zinabaki na ngapi?

Kokwa_la_Embe
Mnamtisha bure. Mvua ya Zanzibar inanyesha inakata. Mawe yakiwa yamelowa ndiyo yanapiga picha nzuri zaidi. Chukua mwavuli wa rangi moja, umemaliza.

Ila dada, pata adabu za mji kwanza. Milango mingi unayoitaka ni ya nyumba za watu wanaoishi humo. Unabisha hodi, unaomba. Usikae kwenye baraza la mtu kama umepanga wewe. Kubusiana mdomo kwa mdomo barabarani acha kabisa, na Ijumaa mchana usipange kitu. Angalia na aina ya mlango: ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni ya Kiarabu, yenye tao ni ya Kihindi. Ya tao inawafunika vizuri watu wawili waliosimama pamoja. Na kama ulikuwa umeiwekea hesabu Beit el Ajaib, lile jumba la kihistoria la Forodhani, kaulize hali yake kwanza, sehemu ya jengo iliporomoka Desemba 2020.

Mama_Junior_Mbezi
Ngoja nikupe yangu ili usiseme hukuambiwa.

Sisi tulitaka "sanaa" kama wewe. Mpiga picha akatuletea wazo: turubai jeupe ukutani, sisi tumevaa nyeupe, tunarushiana rangi, tunacheka, yeye anapiga. Akatuonyesha picha za wenzetu wa nje, zimependeza kweli. Nikauliza rangi inatoka? Akasema inatoka na maji, sabuni ya kawaida tu. Gauni nililikodi, nikamwambia mwenye gauni hakuna shida.

Siku ya siku kijana akatokea na makopo kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Emalshani, ile rangi ya maji, ilikuwa kopo moja. Mengine yote rangi ya mafuta, ile ya kupaka mageti! Sikujua mpaka iliponigusa shingoni na ile harufu ikapanda. Mume wangu keshamwaga bluu yote kichwani kwangu, anacheka, kamera inapiga. Tukaoga, haitoki. Sabuni ya unga, haitoki. Mwishowe tumekaa uani tunasuguana na mafuta ya taa kwa kitambaa, ngozi inawaka, nywele nilizosukwa siku mbili kabla zimegandana. Zikakatwa. Gauni nikalilipa bei ya kununua. Mwenye gauni hanisalimii mpaka leo.

Picha zenyewe? Alitufanya weupe kama unga wa sembe, na zilifika tumeshafunga ndoa. Kabla ya hapo kila nikimpigia alikuwa anasema zipo kwenye kompyuta zinaedita. Kwa hiyo kabla hujalipa advansi muulize vitu vitatu kwa maandishi: picha ngapi, lini, na rangi ya ngozi yenu isiguswe.

Kigogo_wa_Tandika
Pole, nimecheka lakini pole. Hayo mafuta ya taa.

Mama_Junior_Mbezi
Cheka tu. Mimi nilicheka mwaka uliofuata.

Mjukuu_wa_Tunduru
Turudi kwenye mada. Wengi humu mnaizungumzia Tingatinga kama vitu vya watalii. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja Dar kutafuta maisha, akaanza kuchora miaka ya sitini mwishoni kwenye vipande vya ubao, kwa rangi za baiskeli kwa kuwa ndizo alizozipata na ndizo alizoweza kuzilipia. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mhalifu, akafa. Waliobaki ni ndugu na vijana aliowafundisha, ndio walioubeba mtindo.

Kwa hiyo ukienda pale usiende kama unaenda kwenye ukuta wa bure. Zungumza na mchoraji, mpe kazi. Awachoree ubao wenu wenyewe: nyinyi wawili katikati, ndege wawili juu. Mtapigwa picha nao, siku ya harusi unasimama mlangoni pa ukumbi, baadaye unakwenda sebuleni. Pesa moja, kazi tatu. Mvua nayo haikuhusu.

Tausi_Mweupe
Wazo hilo limenivutia. Mimi ningependa kitu cha mchoraji Gustav Klimt wa Austria, ile picha yake ya mwaka 1908 ya wawili wamekumbatiana wamefunikwa joho la dhahabu. Unachukua kitenge chenye dhahabu, unawafunika wote wawili, nyuso tu zinaonekana. Hauhitaji mahali popote, ukuta mweusi tu.

Shangazi_wa_Kamati
Na hiyo picha itaoneshwa na projekta ukumbini, baba mkwe amekaa meza ya mbele. Wanangu, kumbukeni picha hizi haziishii kwenu. Kwenye kamati yetu wazee walikataa bango kwa sababu bibi harusi alikuwa amekaa mapajani kwa bwana harusi. Likachapwa upya siku mbili kabla, fedha ya kamati.

Tausi_Mweupe
Shangazi, kwenye kitenge hakuna paja linaloonekana.

Shangazi_wa_Kamati
Wazee hawaangalii kinachoonekana.

Kokwa_la_Embe
Kuna mtu kanitumia ujumbe pembeni ananiuliza kuhusu magofu ya Kaole, Bagamoyo. Yale ni makaburi na misikiti ya karne nyingi. Watu wanakwenda kupiga picha za mahaba wameegemea kaburi la nguzo. Hiyo sanaa mimi hapana.

Mpwani_wa_Likoni
Hapo tuko pamoja, bwana. Kuegemea kaburi na pete ya uchumba ni kujitafutia.

FundiLenzi
Kaole unaweza kupiga bila kugusa kaburi, kuna miti na ukuta. Ila tusitoke nje. Bi_Mtarajiwa, kwa laki saba na masika, nakushauri studio, lakini si pazia la kukodi lenye maporomoko ya maji ya kwenye kompyuta. Mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alianza na shuka la kitandani kwake, akatundika ukutani, na leo picha zake zinatundikwa makumbusho ya dunia. Tundika kanga mbili za rangi na michoro inayopishana, weka kiti kimoja, taa moja kutoka ubavuni karibu na dirisha. Hiyo inakidhi uchoraji wa mwenzako na nguo zako.

Mjukuu_wa_Tunduru
Mkitaka kuta zilizochorwa bila kununua ubao, kuna Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kule Mikocheni. Omba ruhusa mapema.

Bi_Mtarajiwa
Mmenichanganya zaidi ya nilivyokuja. Nimemsomea mwenzangu yote. Ubao wa Tingatinga ameupenda, lakini anataka na Unguja, anasema tukipiga mara ya pili mwezi wa sita mvua zitakuwa zimeisha.

Kigogo_wa_Tandika
Harusi si itakuwa imeshapita?

Bi_Mtarajiwa
Harusi ni Mei mwanzoni. Anasema ziwe za baada ya ndoa.

Kokwa_la_Embe
Sasa hizo ni fungate, bajeti nyingine. Ila mkienda, pitieni Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Tazameni zile picha za zamani, namna watu walivyosimama bila kutabasamu ovyo. Mtajifunza mengi kuliko kwenye simu.

Shangazi_wa_Kamati
Kuhusu kanga za FundiLenzi: soma jina kabla hujaitundika. Kuna bibi harusi alitundika kanga ya mipasho, wifi yake akaisoma kwenye picha akadhani ni yake, na send-off ikawa na kesi.

Tausi_Mweupe
Weka "Wawili wakipendana adui hana nafasi".

Mama_Junior_Mbezi
Hiyo nayo wifi atauliza adui ni nani.

Mpwani_wa_Likoni
😂😂 Kweli. Pazia la meli halina jina.

Kigogo_wa_Tandika
Wenye kukodisha gauni Kariakoo, mnaweka dhamana shilingi ngapi siku hizi? Dada yangu naye anatafuta.